UZI: Wanawake wa riwaya za Kifaransa, dhambi moja na bei mbili

Msoma Riwaya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tukizungumzia wanawake wa riwaya za Ufaransa za karne ya 19, mjadala karibu kila mara huishia kwenye swali moja: alikuwa mwema au mbaya? Fantine alianguka, Emma Bovary alimsaliti mumewe, Nana alijiuza, basi, uzi umefungwa. Mimi naona tunawaonea. Waandishi wale waliandika pia hesabu. Kila mwanamke amewekewa faranga zake na sou zake (sou 20 zilifanya faranga 1). Ukizifuata pesa hizo ukurasa kwa ukurasa, unakuta kosa ni lile lile, ila mwanamke wa chini hulilipa lote na wa juu husamehewa au hulipiwa.

Nianze na Fantine wa Victor Hugo, katika Les Misérables ya 1862, maana huyu ndiye tunayemlilia sana bila kumsoma vizuri.

Fantine ni yatima, mfanyakazi wa mikono jijini Paris. Anampenda mwanafunzi tajiri, Tholomyès. Anapata mtoto, mwanamume anaondoka. Hapo ndipo wengi tunasema "alidanganywa" na kusonga mbele. Simameni kidogo hapo. Kanuni ya sheria za kiraia ya Napoléon ya 1804, kifungu cha 340, ilikataza kutafuta baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Ilikataza kabisa, isipokuwa pale mama alipokuwa ametoroshwa. Kifungu hicho hakikulegezwa hadi 1912. Kwa hiyo Fantine hakuwa na mahakama ya kwenda. Tholomyès hakuhitaji kujificha wala kukana, sheria ilikuwa imeshamkania. Na Hugo anatuambia kwa mstari mmoja tu mtu huyo aliishia wapi: wakili tajiri mkoani, mpiga kura mwenye busara, na mjumbe mkali sana wa baraza la mahakama.

Sasa hesabu. Fantine anamwacha mtoto wake, Cosette, kwa akina Thénardier, wenye nyumba ya wageni kule Montfermeil, kwa faranga 7 kwa mwezi. Zinapanda kuwa 12, kisha 15. Anapata kazi kwenye kiwanda cha Montreuil-sur-Mer, anaishi kwa heshima, analipa. Kisha anakuja mwanamke mmoja, Madame Victurnien, mlinzi wa maadili ya mji. Huyu anafunga safari mpaka Montfermeil kuhakikisha kama Fantine ana mtoto. Safari inamgharimu faranga 35, na anarudi akijisifu kuwa zimemwondolea shaka. Faranga 35! Zilitosha kumtunza Cosette miezi miwili na zaidi kwa bei ya 15. Mji ule ulikuwa na pesa ya kuchunguza dhambi ya mfanyakazi, wala haukuwa na pesa ya kumlisha mtoto wake.

Fantine anafukuzwa kazi kwa jina la maadili, anapewa faranga 50 na kushauriwa ahame mji. Hawezi kuhama kwa sababu anadaiwa kodi na samani. Anashona mashati ya askari kwa sou 12 kwa siku. Mtoto peke yake anagharimu sou 10. Halafu mwenye zabuni ya kazi za magereza anawatumia wafungwa wanawake kwa malipo duni, bei ya soko inaanguka, na sasa ni sou 9 kwa siku ya saa 17. Anauza nywele kwa faranga 10. Anauza meno mawili ya mbele kwa faranga 40, kwa ajili ya ugonjwa ambao akina Thénardier wameubuni. Wanapodai 100, anauza kilichobaki.

Niambieni, wakuu, katika mteremko huo wote ni wapi alipochagua uovu? Kila hatua imeandikwa bei yake. Hugo ameiandika kama daftari la duka makusudi, ili msomaji mwenye cheo asipate mahali pa kusema "angejizuia."

Kisha tazameni tukio la theluji. Kijana wa mjini asiye na kazi, Bamatabois, anamtia Fantine theluji mgongoni kwa kujifurahisha. Fantine anamrukia na kumpiga. Javert, inspekta wa polisi, anamkamata nani? Fantine, miezi 6 jela. Bamatabois anaondoka zake kwa sababu ni mwenye nyumba na mpiga kura. Baadaye, kwenye kesi ya Champmathieu kule Arras, tunamkuta huyo Bamatabois ameketi miongoni mwa wajumbe wa baraza la mahakama. Aliyempa mimba na aliyemtesa, wote wawili wameishia kuwa waamuzi wa makosa ya wengine. Sidhani Hugo aliliweka hilo mara mbili kwa bahati mbaya.

Msoma Riwaya (mleta uzi)

Naendelea kidogo kabla hamjaanza.

Wa pili ni Elisabeth Rousset, ambaye wote wanamwita Boule de Suif, kwenye hadithi ya Guy de Maupassant ya 1880. Ni fupi, mtu anaimaliza kwa jioni moja, na sijaona hadithi nyingine inayopanga matabaka vizuri hivi. Vita vya Wafaransa na Waprusi vinaendelea, Rouen imetekwa. Gari la farasi linaondoka alfajiri kwenye theluji, na ndani yake kuna watu kumi: mfanyabiashara wa mvinyo na mkewe, mwenye viwanda vya pamba na mkewe, kaunti (bwana wa ukoo wa kikabaila) na mkewe, watawa wawili wa kike, Cornudet mpenda jamhuri, na Elisabeth, ambaye ni kahaba. Ufaransa nzima imebanwa kwenye gari moja.

Wanawake wenye ndoa wanaungana mara moja dhidi yake. Hawajuani, ila wanaungana. Kisha njaa inawashika, na ni yeye peke yake aliyebeba chakula. Anawagawia wote, kuku na mvinyo na kila kitu. Wanakula na wanamchangamkia. Usiku wanafika Tôtes, na ofisa wa Kiprusi anazuia gari: haliondoki mpaka Elisabeth alale naye. Anakataa. Anakataa kwa sababu anaipenda nchi yake. Huyu ndiye aliyekimbia Rouen kwa kuwa alimvamia askari wa Kiprusi aliyeletwa kukaa nyumbani kwake.

Mwanzoni wenzake wanamuunga mkono. Baada ya siku chache wanaanza kumchoka, na hapo mwandishi anaonyesha jinsi maadili yanavyotengenezwa. Wanamletea mifano ya wanawake mashujaa wa kale. Mtawa mzee anasema Mungu husamehe tendo ikiwa nia ni safi. Mke wa kaunti anamsaidia mtawa kuiweka hoja sawasawa. Wale wale waliosema kazi yake ni aibu sasa wanamwambia kazi hiyo ni sadaka. Anakubali. Asubuhi gari linaondoka, na hakuna anayemtazama. Safari hii wao wamebeba chakula, yeye kwa haraka hakupata nafasi ya kuandaa chake. Hawampi hata kipande. Analia, na Cornudet anapiga mluzi wa wimbo wa kizalendo, Marseillaise.

Ninachotaka mkione ni kwamba hakuna mmoja wao aliyebadilisha imani yake. Walikuwa nayo moja tangu mwanzo: mwili wa mwanamke wa chini ni mali ya matumizi, na dhambi yake ni mali ya kumbukumbu. Vyote viwili viko mikononi mwao.

Nawasilisha. Karibuni.

Kaka wa Kilosa

Mkuu, asante kwa uzi wa maana. Fantine na Boule de Suif nakubaliana nawe moja kwa moja. Ila usinipitishie Emma Bovary wa Flaubert kwenye mlango huo huo. Emma alikuwa na nyumba, mume mpole anayempenda, mtoto, na msichana wa kazi. Hakufukuzwa na mtu, hakulala njaa. Alikopa kwa ajili ya mapazia na zawadi za wapenzi, akamfilisi mume aliyekuwa akizunguka usiku kwenye baridi kutibu wakulima. Mwanaye alimpuuza. Kama tutasema yeye naye ni mhanga wa tabaka basi neno mhanga halina kazi tena. Mimi ni mume na ni baba, nilipoisoma riwaya ile nilimlilia Charles.

Msoma Riwaya (mleta uzi)

Kaka, Charles analilika kweli, na binti yao Berthe zaidi. Sitamtetea Emma kama mama. Ila nisikilize kuhusu yeye ni nani.

Emma ni binti wa mkulima, mzee Rouault. Amesomeshwa na watawa Rouen kama mabinti wa wakubwa, kisha akarudishwa shambani. Gustave Flaubert anamleta kwenye dansi la jumba la La Vaubyessard, na mle ndani kuna mambo mawili ambayo ukiyapita umepoteza riwaya nzima. La kwanza: mezani ameketi mzee mmoja, mchuzi ukimdondoka mdomoni, anayesemekana alikuwa mpenzi wa malkia Marie-Antoinette. Emma hawezi kuyaondoa macho kwake. Mzinzi huyo ni fahari ya nyumba! Hapo ndipo Emma anapofundishwa kwamba kwa wakubwa uzinzi ni sehemu ya utukufu. La pili: joto linazidi, mtumishi anavunja vioo viwili vya dirisha, na Emma anaona nyuso za wakulima bustanini zikichungulia ndani. Anakumbuka nyumbani kwao. Yeye ametoka kwenye nyuso zile, na amekaa upande wa mzee yule kwa usiku mmoja tu.

Alichofanya baadaye ni kujaribu kuishi dhambi ya tabaka la juu kwa kipato cha tabibu wa kijijini. Anayemmaliza ni Lheureux, mfanyabiashara anayemkopesha vitambaa, kisha anamsainisha hati za deni, kisha hati za kulipa hati. Siku amri ya kukamata mali inapofika, deni ni faranga 8,000. Anamwendea Guillaumin, mwanasheria wa mikataba, mtu wa heshima mjini, na huyo yuko tayari kusaidia kwa malipo ambayo kila mtu hapa anaelewa. Emma anakataa na kutoka kwa hasira: anastahili kuhurumiwa, ila hauzwi. Tazama alipofika, kaka. Mke wa tabibu amesimama mahali alipokuwa Fantine, na mteja wake ni mtu wa mikataba. Tofauti ni kwamba Emma bado ana arseniki kwenye duka la dawa la Homais.

Na sheria ilisemaje? Talaka ilifutwa Ufaransa mwaka 1816, haikurudi hadi 1884. Kanuni ya adhabu ya 1810 ilimpa mke mzinzi kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Mume mzinzi alitozwa faini ya faranga 100 hadi 2,000, na hiyo ni pale tu alipomweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Rodolphe, kapera mwenye shamba lake, alimaliza raha yake akaandika barua ya kuachana na kuinyunyizia matone ya maji yafanane na machozi.

Serikali yenyewe iliingiwa na hofu. Mwaka 1857 Flaubert alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuvunjia heshima maadili ya umma na dini, mwendesha mashtaka akiwa Ernest Pinard. Aliachiwa Februari. Mwaka huo huo Pinard akamshtaki Baudelaire kwa mashairi yake, na huyo akatiwa hatiani. Kilichomkera Pinard kwa Flaubert ni kwamba ndani ya kitabu hakuna mtu hata mmoja mwenye haki ya kumhukumu Emma. Yaani mwendesha mashtaka alisoma vizuri kuliko wengi wetu.

Na mwisho wa Berthe unaujua. Baba anakufa, mali inauzwa, zinabaki faranga 12 na senti 75, zinazomsafirisha hadi kwa bibi yake. Bibi naye anafariki, shangazi maskini anampeleka mtoto kiwanda cha pamba. Vizazi viwili tu na mjukuu wa Rouault ameshuka kupita alikoanzia babu.

Kuna mwanamke mwingine kwenye kitabu hicho ambaye hatumtaji kamwe: Catherine Leroux. Anatokea ukurasa mmoja, kwenye maonyesho ya kilimo. Ametumika miaka 54 kwenye shamba moja. Wanampa nishani ya fedha yenye thamani ya faranga 25. Mikono yake imekomaa kwa vumbi la ghala na magadi mpaka inaonekana michafu hata baada ya kuoshwa, na anaogopa jukwaa, haelewi asogee au akimbie. Anasema atampa padri nishani hiyo amsomee misa. Huyu ndiye mwanamke mwema wa kitabu, kama tunamtafuta. Gawanya faranga 25 kwa miaka 54, uone wema wa mwanamke wa shamba ulilipwa ngapi.

Mama Wawili

Wanangu, naomba nafasi. Mimi nilisomea Kifaransa zamani, na kitabu ninachokirudia ni Germinal cha Émile Zola, 1885, cha wachimba makaa ya mawe wa Montsou. Kuna jambo mle linaunga mkono hoja ya mleta uzi kuliko hata Hugo.

La Maheude ana watoto saba na nyumba haina mkate. Anachukua wadogo wawili anaenda nyumbani kwa akina Grégoire, watu wanaoishi kwa gawio la hisa za mgodi, kama faranga 40,000 kwa mwaka, bila kuinua koleo. Anaomba sou 100, yaani faranga 5. Wanakataa kwa upole, si desturi yao kutoa pesa, maana maskini wakipewa pesa wanakunywa. Wanampa nguo za sufi, na binti yao Cécile anawapa watoto mkate mtamu wa siagi wakagawane na ndugu zao. Ni watu wazuri hawa, Zola hawachori kama wanyama. Wamelala usingizi mzuri usiku ule. Lakini nguo hazipikwi. La Maheude anaishia kwa Maigrat mwenye duka, ambaye anampa mkopo na kumwambia atakuwa anamtuma binti yake Catherine kuchukua bidhaa. Mama yule anaelewa vizuri anachotakiwa. Kijiji kizima kinajua jinsi duka lile linavyolipwa.

Basi sadaka ya akina Grégoire ilikuwa na maadili yote, na mlango aliosukumiwa mama ulikuwa ule wa Maigrat.

Sasa linganisheni na Madame Hennebeau, mke wa meneja wa mgodi. Ana uhusiano na Négrel, mpwa wa mumewe, chini ya paa la mumewe. Meneja anagundua siku ya ghasia za mgomo, anakuta kichupa cha mkewe kwenye kitanda cha kijana. Anafanya nini? Ananyamaza. Anaona afadhali mpwa kuliko kashfa. Na bibi huyo huyo ndiye anayepanga ndoa ya Négrel na Cécile. Chakula kinaendelea kupikwa, wageni wanakaribishwa, hapotezi hata kijiko. Wasichana wa migodini wanaolala na vijana wao mashambani ndio wanaoitwa bila adabu.

Mwishoni la Maheude amempoteza mume na watoto, ana miaka kama 40, na kampuni inamwonea huruma: inamruhusu ashuke mgodini kuzungusha feni saa 10 kwa sou 30. Nilipokuwa kijana nilisoma hapo haraka nifike mwisho. Sasa nikifika hapo nasimama, maana mimi mwenyewe nililea peke yangu na najua huruma ya namna hiyo.

Binti Lushoto

Shikamoo Mama Wawili, na pole.

Mleta uzi, nina hoja ngumu kidogo. Hugo, Flaubert, Maupassant, Zola, wote wanaume. Na karibu wote wanawaua wanawake wao. Fantine kifua, Emma sumu, Nana ndui, na Marguerite Gautier wa Alexandre Dumas mtoto (mwana wa mwandishi wa jina hilo hilo) naye kifua, baada ya baba wa mpenzi wake kumwomba ajitoe ili binti wa familia apate mume. Mwandishi anamwonea huruma, kisha anamzika ili msomaji alale salama. Je, hiyo siyo adhabu ile ile ya Madame Victurnien, ila imeandikwa kwa lugha nzuri zaidi? Mimi kama mwanamke nachoka kusoma kifo kama malipo. Wangeandika wanawake wenyewe tungepata mwisho mwingine.

Msoma Riwaya (mleta uzi)

Dada, hoja yako ni nzito na naikubali nusu. Kifo kinawasaidia waandishi wale kufunga hesabu, ni kweli. Ila ukitazama nani anauawa na nani anabakizwa, tabaka linarudi tena mezani, na linarudi hata kwa mwandishi mwanamke.

George Sand, yaani Aurore Dupin, alichapisha Indiana mwaka 1832. Ndani yake kuna wanawake wawili walionyonya ziwa moja: Indiana, bibi wa nyumba aliyeolewa na kanali mzee, na Noun, mtumishi wake, wote wa asili ya kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi. Mwanamume mmoja, Raymon, anampata Noun kwanza, kisha anamtaka Indiana. Noun anapata mimba, anajua kilichotokea, anajitupa mtoni. Indiana anateseka sana, hilo sipingi, na kitabu ni kilio kikali dhidi ya ndoa ya sheria ya Napoléon. Lakini anaishi. Anapata mtu anayempenda na kibanda mlimani kisiwani. Mwandishi mwenye uchungu wa kweli kwa wanawake alifungua mlango, akapita bibi, na mtumishi akabaki majini. Sisemi hivi kumshusha Sand. Nasema tabaka lilikuwa na nguvu kiasi hicho.

Na kuhusu ndui, kuna ulinganisho ambao siuoni ukizungumzwa. Wanawake wawili mashuhuri wameharibiwa uso kwa ndui mwishoni mwa hadithi zao. Mmoja ni Marquise de Merteuil, kwenye riwaya ya barua ya Laclos ya 1782. Huyu aliwaharibu watu kwa kupanga, kwa akili, kwa raha. Barua zake zinafichuliwa, anazomewa kwenye ukumbi wa maonyesho, anapoteza kesi ya mali, ndui inamtoa jicho. Kisha? Anakimbilia Uholanzi usiku na almasi zake na vyombo vya fedha. Mwingine ni Nana wa Zola, 1880, binti wa dobi Gervaise. Anakufa Julai 1870 kwenye chumba cha Grand Hôtel jijini Paris, uso umeoza, huku barabarani umati unapiga kelele za kwenda vitani Berlin. Ndui aliipata kwa mtoto wake mwenyewe. Ugonjwa mmoja, yule wa ukoo mkubwa anaondoka na almasi, yule wa mtaa wa madobi anaondoka kwenye jeneza.

Tena humo humo kwenye Nana yumo Sabine, mke wa Kaunti Muffat. Anamsaliti mumewe, anatapanya, mwishoni anatoroka na mtu wa dukani. Anaporudi, kaunti anampokea kama Mkristo mwema. Mlango wa nyumba ile ulikuwa na upana wa kumpitisha. Nana hakuwa na mlango wa kurudia.

Kaka wa Kilosa

Mkuu, kwa Emma umenisogeza, ingawa Charles bado ni wangu. Ngoja niulize moja. Mathilde wa hadithi ya mkufu, Maupassant 1884. Sisi tulifundishwa kuwa ni hadithi ya tamaa: ukitaka makuu utakiona. Mke wa karani anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki tajiri, anaupoteza, wanaulipa kwa faranga 36,000, anafanya kazi ngumu miaka 10, kisha anaambiwa ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500. Hapo tabaka liko wapi? Kosa si lake, la kutosema ukweli mapema?

Msoma Riwaya (mleta uzi)

Kaka, soma tena pale anaporudisha kasha la mkufu mpya. Madame Forestier halifungui, na Mathilde anashukuru moyoni, maana kama angelifungua na kugundua mkufu umebadilishwa, je, asingemwona mwizi? Jibu lako limo humo. Tajiri akipoteza mkufu wa rafiki, ameupoteza. Mke wa karani wa wizara akiupoteza, ameuiba mpaka athibitishe vinginevyo. Ndiyo maana alinyamaza na kulipa.

Na alilipa kweli! Alimwachisha kazi msichana wake, akahamia chumba cha chini ya paa, akafua, akabeba maji, akagombana na wauzaji kwa kila sou, hadi deni likaisha pamoja na riba ya wakopeshaji. Katika hadithi hiyo hakuna mtu mwaminifu kuliko yeye. Tamaa yake ilidumu usiku mmoja wa dansi na uaminifu wake ulidumu miaka 10, halafu darasani tunafundisha ule usiku.

Tuhuma hiyo ya wizi ndiyo iliyomkuta pia Félicité, mtumishi wa hadithi ya Flaubert ya 1877. Akiwa msichana mdogo shambani alifukuzwa kwa kusingiziwa sou 30. Baadaye kwa Madame Aubain, kule Pont-l'Évêque, alipika, akafua, akashona, akapiga pasi, akatia farasi lijamu na kusukasuka siagi, vyote kwa faranga 100 kwa mwaka, na mabibi wa mji walimwonea wivu Madame Aubain kwa kuwa naye. Siku Félicité alipolalamika kuwa hana habari za mpwa wake aliye baharini, bibi alishangaa: kijana wa meli tu, ni kitu gani? Yeye anangoja habari za binti yake. Félicité alikasirika, kisha akasahau, maana aliona ni kawaida bibi kumlilia mtoto wa bibi.

Mama Wawili, wewe uliyesoma kwa Kifaransa, hapo ndipo ningependa utusaidie. Sijaamua bado kama huyo Félicité aliyesahau ni mtakatifu, kama wanavyosema wengi, au ni mtu aliyefundishwa tangu zile sou 30 kwamba uchungu wake hauna bei.

Mama Wawili

Mwanangu, alikasirika kwanza. Flaubert ameandika hivyo, na mtu aliyefundishwa kabisa asingekasirika. Mimi nashika hapo. Alikuwa na hasira yake kamili, akaiweka chini kwa sababu chakula cha jioni kilikuwa hakijapikwa na hakuna mwingine wa kukipika.